Kutoka Kibaoni Hadi Kwa Remmy

Basi lilipokaribia Hifadhi ya Katavi, kondakta alitwambia tufunge madirisha kwa ajili ya mbung'o. Nilikuwa na miaka 19 na sikuwahi kufika mbali kuliko Mpanda. Nimepakata gitaa, mama amelizungushia kitenge. Uzi wake wa tatu ulikuwa waya wa breki ya baiskeli, maana kwetu Kibaoni madukani nyuzi hazikupatikana. Pale Sitalike abiria walichungulia viboko mtoni. Mimi nilishika kitenge changu.

Nilikuwa namfuata marehemu. Mwanamuziki Remmy Ongala alifariki dunia tarehe 13 Desemba 2010, lakini nyumbani tulikuwa naye kila jioni, kwenye simu ya kaka. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, kisha akatamba na Super Matimila. Mkoa wetu una Katumba na Mishamo, walikopokewa wakimbizi wa Burundi tangu miaka ya 1970, kwa hiyo tunajua mgeni anavyopima maneno kabla ya kusema. Remmy hakupima. Aliwasemea wanyonge wa Tanzania kama mtu aliyezaliwa nao nyumba moja.

Wimbo ulionikamata ni “Kifo”. Anakisemesha kifo ana kwa ana, kwa uchungu, huku magitaa yakizunguka palepale bila papara. Miaka miwili nilijaribu kuupiga, na kila mara vidole vyangu vilikimbia.

Mpanda nikapanda treni: Kaliua, Tabora, kisha safari ndefu ya kwenda pwani. Usiku, behewa la daraja la tatu, mzee mmoja aliyekaa mkabala nami aliniomba nipige. Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Alinyoosha mkono, akauweka taratibu juu ya nyuzi.

“Mwanangu, maneno hayo ni mazito. Yapishe yapite.”

Nikaanza upya, rithimu tupu, nikaacha nafasi. Mzee akaimba beti zote, kwa sauti ya chini, watoto wamelala miguuni petu. Sijapata mwalimu mwingine aliyenifaa kama yule, wala sikumuuliza jina.

Dar nilipanda daladala ya Sinza. Sikujua nishukie wapi, hadi nikamsikia konda akiita: “Kwa Remmy! Kwa Remmy wapo?”

Nikashuka. Mtu wa Kindu alifanya makazi yake hapo, na kituo kinaitwa kwa jina lake.