Chicago: Meya mmoja, dunia mbili

Wiki hii nipo Chicago, Marekani, jiji ambalo likitajwa tu, washabiki wa siasa wanaanza kurushiana madongo. Wa Republican watakwambia: "Si unaona! Democrat wanashika umeya tangu 1931, ndiyo maana watu wanauana."

Mimi nilianzia mtaa wa North Clark namba 2122, Lincoln Park. Hapo, Siku ya Wapendanao mwaka 1929, wanaume saba walipangwa ukutani ndani ya gereji wakamiminiwa risasi. Ni enzi za Al Capone. Na meya? Big Bill Thompson, Republican! Gereji ilibomolewa 1967. Leo ni majani tu, kwenye mtaa wa wenye nazo.

Nikarudi katikati ya jiji, nikadandia treni ya Green Line hadi Englewood, kusini. Huku nako kura ni Democrat, meya ni yuleyule, polisi ni walewale. Lakini lo! Viwanja vitupu, nyumba zimepigiliwa mbao, maduka ya kuhesabu. Weusi wa huku walinyimwa mikopo ya nyumba miaka nenda rudi, viwanda navyo vikafungwa. Mwaka 1992, jiji lilipozika watu zaidi ya 900 waliouawa, mitaa ya namna hii ndiyo iliyolia zaidi.

Kona ya Mtaa wa 75 na Stewart, akina mama walianza kukaa na viti vyao mwaka 2015, wanapika, wanawachunga vijana wasitwangane risasi. Julai 2019, wawili wao waliuawa kwa risasi pale pale. Wenzao hawakuihama kona.