Mpenzi wa Pamba

Watu huzipenda timu za mpira kwa sababu nyingi, na nyingi katika sababu hizo hazistahimili uchunguzi. Mmoja alizaliwa katika mtaa wenye timu. Wa pili alivutiwa na rangi ya fulana. Wa tatu alimfuata mjomba aliyemnunulia soda siku ya mchezo. Aghalabu mapenzi hutangulia, na sababu hufuata nyuma kama mkokoteni nyuma ya ng'ombe. Walakini yuko mzee mmoja katika viunga vya Bariadi ambaye sababu yake yaweza kuwekwa juu ya mizani na kupimwa. Mzee huyo hulima pamba, na timu yake huitwa Pamba.

Msomaji aliyezaliwa karibuni huenda akataka kukumbushwa timu hiyo ilikuwa nini. Makao yake yalikuwa Mwanza, na mlezi wake alikuwa shirika la umma lililosimamia zao la pamba. Wapenzi waliiita TP Lindanda, na wachezaji wake wakaitwa Wana Kawekamo. Humo walipita George Masatu, Hussein Masha, Fumo Felician, Khalfan Ngassa, na langoni Paul Rwechungura, majina ambayo wazee wa Kanda ya Ziwa huyataja kwa mfuatano, kama watajavyo watoto wao wakubwa. Mwaka 1990 Pamba ilitwaa ubingwa wa Muungano. Mwaka huo huo, katika Kombe la Washindi la Afrika, iliifunga Anse Boileau ya Shelisheli mabao 12 kwa 1. Mzee wa Bariadi aliposikia hesabu hiyo redioni alidhani msomaji wa habari amekosea, akangoja taarifa iliyofuata ili asahihishwe. Hakuna aliyesahihisha.

Siku hizo Bariadi ilikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga, maana mkoa wa Simiyu haukuzaliwa mpaka 2012. Mwanza ilikuwa mbali, na mkulima yule alikuwa hajauona uwanja wa Kirumba kwa macho yake. Lakini kila mwaka alibeba marobota ya pamba mpaka kituo cha kununulia, akapimiwa, akapewa fedha. Na aliamini kwa dhati kwamba katika bei aliyopewa, sehemu ndogo isiyoonekana ilikatwa ikaenda kununua viatu vya Wana Kawekamo. Hakumwuliza mtu kama ndivyo. Aliridhika nayo. Masatu alipouzuia mpira, mkulima alijiona kuwa amechangia kamba za viatu.

Mtu asiyeijua Usukuma anaweza kucheka imani ya namna hii, lakini watu wa huko waliizoea kabla mpira haujafika. Tangu karne ya 19 ngoma za Wasukuma zimegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu, kwa majina ya waganga wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno pande hizo hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na hapana mwamuzi mwenye filimbi: mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi upande wake. Kwa desturi hiyo mtazamaji si mtu wa pembeni. Miguu yake ndiyo kura, na akiondoka, upande wake umepungukiwa. Baba wa mzee huyu alikuwa wa Bagika, na inasemekana aliwahi kusimama juani tangu asubuhi mpaka magharibi, wenzake wote wakiwa wamehamia kwa Bagalu, kwa kuwa aliona haya kuyaacha matao ya ngoma yake bila mtu wa kuyatazama. Kutoka kwa baba wa namna hiyo hadi kwa mwana anayeipenda timu ya daraja la chini kwa miaka 23, safari si ndefu.

Miaka hiyo 23 ilikuja hivi. Mwaka 1994 ununuzi wa pamba ulifunguliwa kwa wafanya biashara binafsi. Wengine walileta bei nzuri, wengine walileta mizani mibovu, lakini wote walifanana katika jambo moja, kwamba hapana aliyekuwa na haja ya timu ya mpira. Shirika lililokuwa mlezi halikuwa tena na kifua cha kulelea. Timu ilidhoofika pole pole, na mwaka 2001 ikashuka daraja.

Haikuwa peke yake katika msiba huo. Tukuyu Stars ya Mbeya ilipanda ikawa bingwa papo hapo mwaka 1986, ikashuka mwaka uliofuata, na utukufu ule haukurudi. Coastal Union ya Tanga, bingwa wa 1988, ilishuka pia, lakini ilirudi. Mzee wa Bariadi aliijua mifano yote miwili. Usiku mmoja aliamini kuwa Pamba ni Coastal, na usiku wa pili aliamini kuwa ni Tukuyu.

Tabu kubwa ya kuipenda timu iliyoshuka si kufungwa. Kufungwa ni habari. Tabu ni ukimya. Redio haitangazi mchezo wa daraja la chini, gazeti hutoa mstari mmoja au halitoi, na mtu hukaa juma zima hajui kama timu yake imecheza. Kwa muda mrefu mzee alipata matokeo kwa kuwauliza madereva na makondakta wa mabasi ya Mwanza pale stendi. Wengine walimjibu kwa heshima. Wengine walimtungia matokeo, kwa kuwa walimwona mzee anataka kufurahi. Akarudi nyumbani na ushindi ambao haukuwako, akaishi nao siku tatu mpaka kondakta mwingine amnyang'anye.

Wakati huo nyumba yake iligawanyika. Mwana wa kwanza akawa wa Yanga, wa pili wa Simba, kama zilivyo nyumba nyingi za Tanzania. Stand United ya Shinyanga ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014, yule wa kwanza alimwendea akasema, "Baba, hii ndiyo timu yetu sasa. Shinyanga ndiko tulikotoka, na Kambarage ni karibu kuliko Kirumba." Hoja ilikuwa na nguvu, na kwa hakika Stand ilikuwa timu yenye moyo, iliyopata kuwaangusha wakubwa wa Dar es Salaam katika uwanja wake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akajibu, "Mwanangu, mimi silimi stendi." Mwaka 2019 Stand nayo ilishuka. Mzee hakucheka, alimpa mwanawe pole, na pole hiyo ilikuwa ya mtu aliyekwisha kukaa katika chumba hicho na kukijua kilipo kitanda.

Pamba ilipoanza kuinuka tena, mlezi wake alikuwa Halmashauri ya Jiji la Mwanza, na jina likawa Pamba Jiji. Hapa ndipo penye kisa kizito cha mapenzi haya, na si haki kukipita mbio. Timu iliyojengwa upya ni ile ile? Wachezaji ni wengine, mwenye mali ni mwingine, na neno "Jiji" limewekwa kando ya jina kama bango la mwenye nyumba mpya. Fedha zake ni za jiji la Mwanza. Mkulima wa Simiyu, mkoa unaolima pamba kuliko mkoa mwingine wowote nchini, hachangii hata kamba ya kiatu. Mzee aliambiwa haya yote na wanawe, tena kwa furaha kidogo, na hakuwa na jibu. Alisema tu kuwa jina bado linatamkwa. Jibu hilo ni dogo. Lakini huenda mtu asiyelima asijue uzito wake: kwa mwenye kuona zao lake likitajwa redioni kwa habari za bei na za deni peke yake, si jambo dogo kulisikia likitajwa kuwa limepiga kona.

Naye alikuwa na sababu ya kuchoshwa na habari za bei. Mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, lakini soko la dunia lilianguka, na wakulima wengi walikaa miezi wakiidai fedha ya pamba iliyokwisha kuondoka ghalani. Mwaka 2023 msimu ulifunguliwa kwa shilingi 1,060. Mwana wa pili akahamia kwenye mpunga na dengu. Mzee akabaki na ekari zake chache za pamba, kwa ukaidi ambao jirani zake waliuita mazoea.

Mwaka huo huo wa 2023 Pamba ilikaribia kupanda, ikazuiwa na Mashujaa ya Kigoma katika michezo ya mchujo. Kisha ikafika 28 Aprili 2024. Huko Arusha, Pamba iliifunga Mbuni mabao 3 kwa 1, na Ligi Kuu ikarudi baada ya miaka 23. Uingereza nayo imewahi kuona hesabu kama hiyo: Nottingham Forest, iliyotwaa ubingwa wa Ulaya mara mbili, 1979 na 1980, ilishuka mwaka 1999 ikarudi 2022, miaka 23 vile vile. Mjukuu wa mzee, kijana wa shule ya sekondari, ndiye aliyempa habari hiyo kutoka katika simu yake. Mzee aliuliza kama hao Forest walibaki walipopanda. Alipoambiwa kuwa walibaki, alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama kwamba jamaa yake wa mbali amepona homa.

Agosti mwaka huo alifunga safari ya Mwanza pamoja na mjukuu wake. Walishika barabara ya lami ya Lamadi, wakaingia njia kuu itokayo Musoma, ziwa likawa kuliani. Kijana alivaa fulana nyekundu ya Simba, maana alikuwa Simba kwa baba yake. Babu hakumkataza, illa alimwomba aifunike kwa koti, kama mtu aingiaye msikitini au kanisani. Kirumba palikuwa na watu wa umri wa mzee wengi kuliko ilivyo desturi ya viwanja vya leo. Pamba ilicheza na Tanzania Prisons, wakatoka suluhu bila kufungana. Ulikuwa mchezo mkavu. Mzee aliusimulia Bariadi kwa mwezi mzima.

Alitumaini nini hasa? Jirani walidhani ataota ubingwa wa 1990, na kumbe matumaini yake yalikuwa na hesabu ya mkulima. Alitaka timu isishuke mwaka wa kwanza. Alitaka mwaka wa pili ifunge mabao zaidi ya mwaka wa kwanza. Alitaka kabla hajafa apate mlinzi mmoja wa kati, mmoja tu, ambaye kijana wa Bariadi angeweza kulitaja jina lake bila kuulizwa. Hakuwa mwepesi wa kulaumu makocha. Goran Kopunović wa Serbia alipoondolewa Oktoba, baada ya michezo isiyo na ushindi, mzee alisema kuwa mvua ikichelewa hufukuzwi mwenye shamba. Lakini Fred Felix Minziro alipokuja, na Novemba ukapatikana ushindi wa kwanza, hakumtaja tena Kopunović, jambo linaloonyesha kuwa hata watu wenye subira husahau upesi. Msimu ulipokwisha mwaka 2025, walioshuka moja kwa moja walikuwa KenGold na Kagera Sugar. Pamba ilibaki. KenGold ndiyo iliyopanda ikiwa bingwa mbele ya Pamba mwaka mmoja kabla.

Lakini siku inayozungumzwa zaidi katika nyumba ile ni 22 Novemba 2024, Simba ilipokwenda Kirumba. Hawakuwa na nauli. Walisikiliza nyumbani, redio juu ya kiti, mzee upande huu na mjukuu upande ule, na fulana nyekundu safari hii bila koti. Simba ilishinda bao 1 kwa 0, bao la penalti ya Leonel Ateba. Kijana aliruka juu mara moja. Kisha alimwona babu yake ameinama akizima redio kwa uangalifu, kama mtu afunikaye chungu, na kelele zake zikakatika njiani. Hakuna aliyesema neno. Kijana alitoka nje akakaa na mbuzi mpaka chakula kiive.

Usiku ule mvua ilinyesha, na asubuhi wakaenda kupanda. Siku hizi mbegu za pamba huwekwa kwa kipimo, mstari hadi mstari sentimita 60 na shimo hadi shimo sentimita 30, si 90 kwa 40 kama zamani, na mzee alikuwa hajazoea kamba hiyo fupi. Ilikuwa kazi ya mjukuu kuishika. Walipanda mistari sita kimya kimya. Katika wa saba kijana aliuliza, bila kuinua kichwa, "Babu, sisi tunacheza lini tena?"

Mzee hakumwuliza "sisi" ni nani. Alisema atawauliza watu wa stendi. Kisha akamwambia aivute kamba vizuri, maana mstari ulikuwa umeanza kwenda upande.