Nywele za Uzi

Mara ya kwanza mtu kunishika nywele bila kuniuliza nilikuwa jikoni ofisini, Uingereza, nasubiri maji yachemke. Nilikuwa huko kwa mafunzo ya miezi mitatu. Nikahisi vidole kisogoni, vinapanda, vinasugua msuko mmojammoja kama mtu anayepima kitambaa dukani kabla ya kuuliza bei. Kugeuka, ni mwenzangu wa meza ya jirani. "Ni zako zote hizi?" Kisha: "Unaziosha kweli?" Hakuwa na dharau usoni, alikuwa anatabasamu. Nami, jamani, nikatabasamu. Hata nikamweleza muda wa kusuka: saa sita.

Tabasamu langu ndilo linalonikera mpaka leo. Ubaguzi wa matusi ningejua pa kuupeleka. Huu wa vidole hauna ofisi. Ukilalamika, mkorofi ni wewe.

Miaka ikapita. Siku moja, nikitafuta picha kwa ajili ya makala nyingine kabisa, nikakutana na kazi za Sonya Clark, msanii wa nyuzi, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Washington mwaka 1967, wazazi wake wakitokea Karibi. Alikuwa akifundisha chuo kikuu huko Richmond, Virginia, mji uliokuwa makao makuu ya majimbo yaliyopigana vita ili utumwa ubaki. Aliwaendea wasusi wa mji huo na kuwaomba mambo mawili: wamsuke kichwa chake, kisha wasuke kwa nyuzi juu ya kitambaa cha wachoraji. Mwaka 2014 kazi hiyo ilipata moja ya tuzo kubwa za ArtPrize, Michigan.

Clark anaona kwamba kusuka nywele ndiko kulikozitangulia sanaa zote za nyuzi. Nilicheka peke yangu. Sisi tunasuka ukili, tunasuka mkeka, tunasuka nywele, kitenzi kilekile, wala hatukuhitaji kuambiwa. Bibi yangu alinifunga nywele kwa uzi mweusi, nimekaa chini katikati ya magoti yake, kichwa kikivutwa mpaka macho yanabadilika umbo. Siku ya haraka alinipiga twende kilioni, basi.

Mwanzoni nilidhani kazi ile haina ubaguzi ndani yake. Uko wapi mkono wa pale jikoni? Nikaangalia tena zile picha. Sonya ametupa kisogo. Msusi ndiye anayeitazama kamera, na jina lake limeandikwa kama la msanii. Kila kichwa pale kimeguswa na mtu aliyeombwa kukigusa. Kwa anayetaka kuambiwa waziwazi, ipo bendera aliyoitengeneza mwaka 2010: ni ile ya majimbo ya utumwa, na juu yake ameshona kwa uzi mweusi, misuko ikawa mistari na vifundo vikawa nyota, mpaka bendera ya Marekani ikajitokeza. Naiheshimu, ila inasema kwa sauti kubwa mno. Mimi narudi kwenye visogo.

Sasa, nisijifanye. Huko ugenini niliguswa na mgeni. Hapa Dar es Salaam, mtu wangu kabisa, mweusi kama mimi, aliniambia kabla sijakaa mbele ya kamera: "Dada, nenda kazinyooshe kwanza, uonekane nadhifu." Nikaenda. Nikakaa chini ya dawa, ngozi inawaka, nikalipa kwa hela yangu. Yule wa jikoni alinishika kwa nusu dakika tu. Huyu nilimpelekea kichwa mwenyewe, na sikuwahi kuuandikia neno mpaka leo, mimi ninayeandika kila siku.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kusuka. Msusi wangu ana kibanda karibu na kituo cha daladala, feni moja, benchi moja, na ananisuka mwaka wa saba huu. Nilipotoa simu kumtumia hela nikaona nimemhifadhi hivi: "Msusi". Nikamuuliza jina lake, la kwake, siyo mama fulani.

Akasimamisha kitana hewani. "He! Dada, leo unataka nikukopeshe nini?"