Haki Si Lazima Kufanana

Mpenzi msomaji, huenda umewahi kuwagawia watoto wako mkate ukadhani umetenda haki, kumbe mmoja wao amekwenda kulala na kinyongo. Mimi yalinifika hayo hayo, ila si kwa mkate bali kwa mchezo.

Ilikuwa likizo ya Desemba mwaka 2022. Mpwa wangu anayesoma Marekani alikuja kututembelea hapa Nairobi, akiwa na kitabu kinene na mfuko wa dadu za kila namna, za pande 4 hadi 20. Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Uliandikwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa mara ya kwanza mwaka 1974. Mtu mmoja huwa msimulizi, akawaeleza wenzake kwamba pango liko hivi na joka liko pale. Kila mchezaji ana mhusika wake, naye husema mhusika huyo atafanya nini. Dadu ndizo huamua kama amefaulu.

Kila mhusika ana kazi yake. Mwaka ule wa 1974 kazi zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mchawi na kuhani. Siku hizi ni nyingi zaidi, lakini sisi tulichagua hizo hizo. Mama watoto akawa kuhani wa kuganga majeraha. Kifunguamimba wetu, binti wa miaka 16 wakati huo, akachukua uchawi. Mama yake alikataa katakata neno hilo lisitamkwe nyumbani mwake, basi tukakubaliana tumwite "mjuzi". Kitindamimba, mvulana wa miaka 11, akataka upanga. Mpwa alipoondoka, mimi ndiye niliyebaki kuwa msimulizi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vyema. Tulicheza karibu kila jioni, na baada ya wiki tatu wahusika wote walikuwa wamefika ngazi ya 5. Hapo ndipo mjuzi anapojifunza kurusha tufe la moto. Akilirusha, hutupa dadu 8 za pande 6, na adui wote waliosongamana mahali hapo huungua pamoja. Kwa wastani ni alama 28 kwa kila mmoja wao! Mpiganaji wa ngazi hiyo naye hupewa nini? Kupiga upanga mara mbili badala ya moja.

Jioni moja niliwaletea majambazi 6 wa msituni. Binti akatupa dadu zake, wote wakaanguka kabla mdogo wake hajafikiwa na zamu. Jioni iliyofuata yakawa yale yale. Siku ya tatu kijana alizirudisha dadu zake mfukoni taratibu, akasema, "Baba, mimi naenda kulala. Hapa nako ni Dada tu."

Msomaji, neno hilo "nako" lilinichoma. Nilijua alikuwa akizungumzia nini. Wiki chache kabla ya hapo, ripoti za shule zilipoletwa, nilizisoma zote mbili kwa sauti pale sebuleni, moja baada ya nyingine. Dada yake ni hodari wa masomo. Yeye husoma kwa taabu. Sikumkemea, lakini hakuna aliyehitaji kuambiwa nani amemshinda nani.

Kwanza nilijaribu njia ya mkato. Nilimwokotesha mpiganaji wake upanga wa ajabu wenye kuwaka moto. Dada mtu akanung'unika, na kijana mwenyewe hakufurahi. Watoto si wajinga. Alijua ameonewa huruma.

Ndipo usiku mmoja nikakisoma kile kitabu kwa makini. Nikagundua kwamba mizani ya mchezo haikukusudiwa kupimwa katika pambano moja, bali katika siku nzima ya safari. Mjuzi wa ngazi ya 5 anaweza kurusha tufe lile mara mbili tu, au tatu akipata kupumzika kidogo, kisha hana budi alale usiku kucha. Zaidi ya hapo hubaki na vimiujiza vidogo visivyokwisha. Upanga hauchoki. Tena binti yangu alikuwa na alama 22 tu za uhai, na mdogo wake 44. Kosa lilikuwa langu mimi msimulizi! Kila jioni niliwapa pambano moja kubwa kisha nikawaacha walale. Nilikuwa nimeandaa mbio ambazo mmoja tu angeweza kushinda.

Hata watungaji wa mchezo wamehangaika na jambo hili. Zamani kila kazi ilikuwa na kipimo chake cha kupanda ngazi: katika toleo la mwaka 1981, mpiganaji alihitaji pointi 2,000 kufika ngazi ya 2, mchawi 2,500. Toleo la mwaka 2000 likawapa wote kipimo kimoja. Mwaka 2008 walikwenda mbali zaidi, kila kazi ikapewa uwezo uliopangwa kwa mtindo mmoja. Usawa ukapatikana, lakini wachezaji wengi walilalamika kwamba kazi zote sasa zilikuwa na ladha moja.

Basi niliwatungia pango lenye vyumba 7, lisilo na mahali pa kulala. Kufikia chumba cha nne binti alikuwa amemaliza moto wake wote. Katika chumba cha sita walivamiwa kwenye ujia mwembamba. Kijana akasimama mlangoni peke yake, mama yake akimganga kutoka nyuma. Nilimsikia dada yake akisema, "Usitoke hapo, ndugu yangu. Ukitoka nimekwisha." Hakutoka. Usiku huo ilibidi nimlazimishe kwenda kulala.

Sidai kwamba mchezo uliponya kila kitu. Ngazi za juu zilipofika, mjuzi alizidi kupata nguvu, nami ilinibidi nifikirie upya kila juma. Masomo nayo yaliendelea kumlemea kijana. Lakini ripoti zilipokuja tena, nilimwita kila mmoja peke yake, nikamuuliza ni wapi palipomshinda na ni wapi aliposimama imara.

Wahenga walisema vidole vya mkono havilingani. Mzazi mwenzangu, ukiona mmoja wa watoto wako amenyamaza mezani, usiharakishe kumpa upanga wa moto. Tazama kwanza ni mchezo gani uliowaandalia.

Siku hizi kijana wangu ndiye msimulizi wetu. Mimi nimechagua upanga.