Ubeti Uliovurugika
Mhakiki anayetumiwa ubeti wa utenzi kwa hati za Kiarabu, kisha akakuta vurugu katika barua-pepe, asikimbilie kuufuta. Kompyuta haisafirishi herufi, bali nambari. Nambari 225 ni ف katika jedwali la ISO-8859-6, ni ل katika Windows-1256, na ni á katika jedwali la Ulaya Magharibi. Akichagua jedwali alilotumia mtumaji, ubeti husomeka tena. Ila mtambo wa njiani ukishageuza kila herufi kuwa alama ya kuuliza, nambari zenyewe zimetoweka, wala hakuna fundi wa kuzirejesha. Heri basi mtumaji atumie UTF-8 na jina lake litajwe katika kichwa cha barua: mali bila daftari hupotea bila habari.