Mashua ya Baba Mdogo

Sisi watu wa Mugumu twajua ng'ombe kuliko maji. Kwa hiyo baba mdogo alipouza ng'ombe wanne anunue mashua kuukuu huko Musoma, jamaa wengi walicheka. Likizo ya Juni nalikwenda kumsaidia.

Tanga lilikuwa zima, ila chombo kilikuwa na tabia mbaya: upepo ukizidi, omo, yaani pua yake, iliugeukia, na mshika usukani akachoka mikono bure. Baba mdogo alidhani kauziwa ubovu. Mvuvi mmoja mzee alikitazama, akasema, “Wanangu, tanga limekaa nyuma mno.”

Tuliishusha foromali, ule mti ubebao tanga, tukaifunga kamba ya kuipandishia shibiri mbili nyuma ya pale pa zamani, na tanga likasogea mbele. Mawe ya farumi tukayapeleka tezini. Demani, iliyojaa mafundo, tukaibadilisha. Kamba hiyo sharti iteleze upesi dhoruba ijapo, la sivyo chombo hupinduka.

Mchana, upepo wa ziwani ulipoanza kuvuma kuelekea nchi kavu, tulitoka. Usukani niliushika kwa mkono mmoja. Baba mdogo alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza kama najua bei ya nyavu.