Dogo wa raki na maneno ya uzioni

Nimekuwa kimya wiki tatu, mnajua tena, esei mbili zimegongana na mazoezi ya kufundisha yanakuja mbio. Lakini leo siandiki habari za chuo. Kuna jambo la mpira limenikaa kooni tangu Jumamosi, na wenzangu wa bwenini wameshachoka kunisikiliza. Kwa hiyo zamu yenu.

Wale wa nyumbani mnaoniuliza kama huku Melbourne tunaangalia Simba na Yanga, jibu ni ndiyo, saa nane za usiku, tumejifunika mablanketi. Ila mpira wa mji huu ni mwingine kabisa. Uwanja una umbo la yai, mpira wenyewe una umbo la yai, watu 18 kila upande, hakuna ofsaidi. Kushika kwa mikono ruksa, kuurusha marufuku: ukitaka kumpa mwenzio unaushika kwa mkono mmoja unaupiga ngumi kwa mwingine, au unapiga teke. Goli ni pointi 6, na ukikosa kidogo ukapita pembeni yake unapewa pointi 1. Hiyo ndiyo sheria niliyoipenda kwanza, nadhani mnajua kwa nini, tuliosoma hesabu pamoja.

Sasa kuna mtu anaitwa raki. Mchezo unapoanza, na kila baada ya goli, mwamuzi anaurusha mpira juu katikati ya uwanja (kwenye ligi kuu kwa miaka mingi alikuwa anaubamiza chini ili udunde). Warefu wawili, mmoja kila timu, wanakimbiliana na kuruka, kila mmoja anataka kuugonga uangukie kwa wenzake. Mpira ukitoka nje ni hivyo hivyo, mwamuzi wa pembeni anageuka mgongo na kuurusha ndani juu ya kichwa chake, na wale wawili wanavaana tena. Hiyo ndiyo kazi ya raki, mchana kutwa. Wengi wa ligi kuu wamepita mita mbili na wana kilo mia na zaidi. Na tangu 2017 ligi kuu ilikataza mtu wa tatu kuruka kuwasaidia. Ukizidiwa, umezidiwa peke yako na watu wote wanakuona.

Timu ya mtaani kwetu, huku magharibi ya mji, ina raki mpya. Jina silitaji. Nitamwita Dogo, ingawa mimi nikisimama naye nafika kwenye kwapa. Ana miaka 19, kazaliwa Bukavu, kakulia kambi ya Nyarugusu pale Kigoma kabla familia yao haijaletwa huku, kwa hiyo tunaongea Kiswahili, chake cha Kongo na changu cha Tabora, tunachekana. Sekondari alicheza kikapu. Mpira huu ameanza mwaka jana tu, akiba. Mwezi wa tano raki wa kikosi cha kwanza akaumia goti, kocha akaangalia huku na huku, mrefu mwingine hakuna. Jumamosi ilikuwa mechi yake ya sita.

Na timu iko mkiani. Hili lazima niliseme mapema ili msije mkadhani watu wa uzioni wana roho mbaya. Ligi hizi za mtaani zina madaraja, wakishuka wanashuka kweli, na kuna familia zimekuwa zikiuza soseji na vitunguu pale klabuni tangu kabla mimi sijazaliwa. Wana haki ya kuuma kucha.

Basi bwana. Uzioni kwetu kuna mama mmoja mwenye daftari. Kila mechi anachora vijiti, nani kagonga mpira mara ngapi. Kufikia mapumziko vijiti vya raki wa wenzetu vimejaa mistari mitatu, vya Dogo havijamaliza mmoja. Mama akafunga daftari na kusema fomu ya huyu mtoto ni mbovu, arudi akiba, tumweke beki yeyote pale angalau apigane. Watu watatu wanne wakaitikia. Mmoja akaongeza, bila ubaya wowote usoni, kwamba watu wa kwao huwa wanaruka kiasili, huyu vipi?

Hapo ndipo mzee mmoja mwenye skafu ya Melbourne, timu ya ligi kuu, akaanza habari ya 1987. Nimeisikia mara nne msimu huu lakini nawapa na nyie, maana ni kubwa. Jim Stynes, kijana kutoka Dublin aliyelelewa kwenye mpira wa Kiairishi, alikuwa kwenye msimu wake wa kwanza wa kikosi cha wakubwa. Raki mgeni, umri 21. Mechi ya kuingia fainali kuu, dhidi ya Hawthorn, uwanja wa Waverley. Melbourne hawajaonja fainali kuu tangu 1964 na wanaongoza mpaka dakika ya mwisho. Gary Buckenara wa Hawthorn anajiandaa kupiga, yuko mbali na milingoti. Stynes akakatiza mbele yake mahali sheria inapokataza. Mwamuzi akamsogeza Buckenara mita 15. Goli, baada ya king'ora. Wamefungwa kwa pointi mbili.

Mzee anasema siku ile angepewa kalamu angemkatia Stynes tiketi ya ndege mwenyewe. Mwaka 1991 huyo huyo akachukua Medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa ligi. Mpaka anastaafu 1998 alikuwa amecheza mechi 244 mfululizo bila kukosa, rekodi. Baadaye akawa mwenyekiti wa klabu ile ile, na alipofariki 2012 mji ulisimama.

Jamaa wawili wa darasani kwetu, wa elimu ya viungo, nao hawakukubali kuachwa. Mmoja ni Collingwood wa kufa, akamleta Mason Cox: Mmarekani wa Texas, sentimita 211, naye wa kikapu kama Dogo. Kasajiliwa 2014 bila kuujua mchezo, mechi ya kwanza 2016, siku ya Anzac, na mpira wake wa kwanza kabisa kupiga ukaingia goli. Halafu miaka ya watu kugombana kama anafaa au hafai, wiki hii shujaa, wiki ijayo mlingoti wa umeme. Mwaka 2018 aliwaua Richmond kwenye mechi ya kuingia fainali. Mwaka 2023 alikuwa uwanjani Collingwood ilipotwaa ubingwa. Mzee wa skafu naye akarudi na Max Gawn: drafti ya 2009, mechi ya kwanza 2011, kikosi bora cha msimu kwa mara ya kwanza 2016, nahodha wa ubingwa wa 2021 ulioisubiri Melbourne miaka 57.

Ndipo yule jamaa wa pili, ambaye kwa kawaida haongei, akauliza: mnataja watatu waliofika, warefu walioachwa baada ya misimu miwili mitatu nani anawataja? Kimya. Mwenye pai akala pai.

Hoja hiyo ni nzito na nimetembea nayo mpaka nyumbani. Ni kweli. Uvumilivu hautengenezi Gawn. Kwa kila jina la uzioni kuna vijana wengi waliovumiliwa vizuri tu na leo wanauza magari. Kwa hiyo mimi sisemi Dogo aachwe kwa sababu atakuja kuwa Stynes. Sijui atakuwa nani.

Kinachonisumbua ni lile neno, fomu. Fomu ni ya mtu ambaye kiwango chake kinajulikana. Mshambuliaji aliyefunga kumi na sasa ana ukame wa mwezi, huyo fomu imeshuka, mweke benchi apumzike itarudi. Dogo itarudi wapi? Hana kiwango cha kushukia, ndiyo kwanza anakijenga. Mtu wa mechi ya sita ukimpima fomu ni kama kumpima mtoto wa darasa la kwanza kasi ya kusoma wakati bado anazitofautisha b na d. Unapata namba, sawa, namba inakwambia nini?

Robo ya tatu niliamua kumwangalia yeye tu. Mpira uende uendako, macho kwake. Jaribuni siku moja na mchezaji yeyote, mtaona mchezo mwingine kabisa.

Robo mbili za kwanza alikuwa anaruka kama wa kikapu, wima, kutoka aliposimama. Kwenye kikapu hakuna mtu anayekuegemea na kilo mia kabla hujaondoka ardhini. Raki wa wenzetu, mtu mzima, nusu kipara, hata kuruka hakuruki sana. Anaingiza nyonga kwanza, Dogo anapoteza mguu wa kurukia, halafu mzee wa watu anaugonga mpira taratibu kama anazima taa. Mrefu ni Dogo. Anayefika juu ni yule.

Robo ya tatu Dogo akaanza kuingia yeye kwanza. Hatua moja, bega, ndipo anaruka. Alishindwa bado, mara nyingi. Lakini mpira ukaacha kuangukia mikononi mwa viungo wao, ukawa unaanguka chini, ovyo, kila mtu anaugombania, na watu wetu wakaanza kuupata. Kwenye daftari la mama hicho ni kijiti cha mpinzani kama vingine vyote. Daftari halina safu ya mpira ulioharibiwa. Hata wao wanajua kwamba kijiti kinahesabiwa hata ukiugonga ukaangukia mguuni kwa adui, ndiyo maana ligi kuu wana hesabu nyingine kwa ile iliyomfikia mwenzako. Robo ya mwisho kipara akawa anatembea, Dogo bado anakimbia, akadaka mipira miwili mirefu nyuma kabisa, karibu na goli letu. Tumefungwa, ndiyo. Ila honi za magari yaliyopaki kuzunguka uwanja (ndiyo makofi yao hayo) zililia kwa Dogo mara mbili.

Na lile la kuruka kiasili. Nimelifikiria kuliko yote. Akigonga mpira, ni asili. Akishindwa, ni mvivu. Mahali pa kusema anajifunza hapapo. Dogo mwenyewe chumbani ana picha ya Aliir Aliir, aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, akaanza ligi kuu na Sydney 2016 na kuingia kikosi bora cha msimu 2021 akiwa Port Adelaide. Huyo ni beki, si raki, lakini Dogo anasema kambi ni kambi. Beki kama yule kazi yake ni kusoma mpira kabla haujafika, na sidhani kama kuna mtu anazaliwa na hilo.

Wiki tatu zijazo na mimi nitasimama mbele ya darasa la watoto ishirini na kitu, na nyuma kabisa atakaa mwalimu mlezi na fomu (fomu ya karatasi, hehe) ya kujaza vijiti. Kwa hiyo ndiyo, naandika nikiwa na upande. Mjue hivyo.

Baada ya mechi watu wote walikimbilia ndani, baridi ya Juni ya hapa si ya mchezo, na mjadala ukaendelea kwenye supu. Nilibaki nje namsubiri Dogo tupande treni moja. Uwanjani kwenye tope walikuwepo wawili tu. Kipara alikuwa hajabadili hata jezi. Anamshika Dogo kiunoni, anamgeuza, anamwonyesha goti liwe wapi na mkono upi umguse mwenzio mapema. Halafu anajirusha mwenyewe, taratibu, Dogo anarudia. Dakika ishirini hivi. Wa timu pinzani!

Kwenye treni nikamuuliza kama alisikia maneno ya uzioni. "Dada, nasikia yote," akasema, "mi niko murefu, masikio iko karibu." Tukacheka mpaka mama mmoja wa kiti cha mbele akageuka. Halafu akanyamaza vituo viwili, akasema anachotaka yeye ni mechi nne tu zaidi, kwa sababu mechi ya mwisho ya msimu ni dhidi ya kipara tena.

Kikosi kinabandikwa Alhamisi usiku baada ya mazoezi. Mama wa daftari amesema atakwenda kuongea na kocha. Mzee wa skafu amesema na yeye atakwenda. Mimi Alhamisi nina semina mpaka saa mbili usiku, ila Dogo kaahidi atanitumia meseji. Nikiipata nitaiweka hapa. Nyie mnaocheza au mliowahi kucheza, hata kama ni kikapu au netiboli, niambieni kwenye maoni: mechi ya sita mlikuwaje?